Mipira ya Breki na Mafuta ya Bi Mwatum

Mara ya kwanza Landrova ya Bi Badriya ilirudi gereji ikitembea yenyewe. Mara ya pili ilirudi mwendo wa kobe, na dereva amening'inia kwenye breki ya mkono. Mara ya tatu, Jumatatu moja ya mwaka 1997, ilirudi imefungwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Bi Badriya mwenyewe alikuwa kashika usukani, buibui limejaa vumbi jekundu na jani la muhogo limemnasa begani, wala hana habari nalo.

Wakil alikuwa chini ya gari nyengine. Aliposikia sauti ile alitoka kinyumenyume, akasimama na kujipangusa mikono.

"Shikamoo, Bi Badriya."

"Marahaba. Wakil mwanangu, nnatoka Kizimbani, nnateremka kuja Bububu. Nnakanyaga breki, mguu unazama kama nnakanyaga godoro. Wajua nani kanisimamisha? Muhogo. Nimeingia shamba la watu nikalaza matuta saba, hapo ndo gari yako ikaniona huruma."

"Gari yako, Bi."

"Gari yangu, breki zako. Na hii mara ya tatu."

Bi Badriya alikuwa mkunga mstaafu, mtu wa Mji Mkongwe aliyehamia Chukwani, na alikuwa na ulimi. Nusu ya wanaume waliokuwa pale gereji, mtaa wa Malindi, siku ile walizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kucheka. Landrova aliletewa na kaka yake Hamed kutoka Maskati, kuukuu tangu siku ya kushushwa bandarini, usukani kushoto. Akizunguka nayo mashamba kuwafundisha wakunga wa vijijini, na njia mbovu kwake ilikuwa njia tu.

"Jumamosi wakunga kumi na wanne wananingoja Makunduchi," alisema. "Nakupa mpaka Alkhamisi. Ukishindwa, ntaipeleka kwa Matar."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma Wakil. Gereji yake, tuseme kweli, haikuwa gereji. Kilikuwa kiwanja nyuma ya maghala, bati nne juu ya boriti, jeki mbili na sanduku la spana. Kikubwa alichokuwa nacho ni jina. Mji mzima ulimwita Wakil Breki. Mtu akisema, "Breki zangu kazitengeneza Wakil," basi mazungumzo yamekwisha, hapana wa kuuliza tena. Jina hilo ndilo lililomtoa Makunduchi na kumweka mjini, na ndilo lililomwoza mke, maana mkwewe alikuwa dereva wa lori. Matar wa Mwembetanga alikuwa hodari wa injini, lakini breki ni wachache waliompelekea, na jambo hilo lilimkera miaka. Landrova hii ikienda kwake, kabla ya adhuhuri mji utakuwa umeshajua, na Wakil angebaki na bati zake nne.

Basi alipiga moyo konde. Aliapa kimoyomoyo kuwa safari hii breki zile hazitavuja tena hata kama atalala nazo.

"Nenda nyumbani, Bi. Ntakuletea mwenyewe."

"Siendi. Nimekaa na wanawake wenye uchungu siku mbili mchana na usiku, sishindwi kukaa na gari. Nipe kigoda."

Akapewa kigoda.

Wakil akapandisha jeki, akafungua gurudumu la mbele la kushoto. Upande wa ndani ulikuwa umelowa chapachapa, na rangi ya rimu imebabuka, maana mafuta ya breki hula rangi. Kalipa, lile dude la chuma linaloikumbatia diski na kuibana mpaka gari isimame, lilikuwa linachuruzika kwenye midomo ya pistoni. Akalivua, akazisukuma pistoni nje kwa pampu ya miguu, moja moja, akazipanga juu ya gazeti.

Hapo ndipo udhuru ulipomwishia. Mara ya kwanza alisingizia pistoni: Bi Badriya hupenda kushuka na gari mpaka ufukweni maji yakitoka, na chumvi ilikuwa imezitafuna. Kweli zilikuwa na vidoa vya kutu. Mara ya pili akaagiza pistoni mpya Dar es Salaam, zikaja na boti. Sasa hizo hapo mbele yake, hazina hata mkwaruzo, na bado kalipa limevuja. Kilichobaki ni mipira tu, zile pete nyembamba zinazokaa kwenye mfereji wake ndani ya kalipa na kuzuia mafuta yasitoke. Aliichomoa kwa kijiti. Ilikuwa imenenepa, laini, na mmoja umechanika ukingoni.

"Mipira feki hii," akasema. "Siku hizi kila kitu feki."

"Umeninunulia wewe. Ukaniambia halisi."

Wakil akaiweka mezani. Akafungua pakiti mpya, akainama chini ya meza na kutoa kopo lililofunikwa kitambaa. Humo ndimo ilimokuwa siri yake.

Ramadhani iliyopita grisi maalumu ya mipira ya breki iliadimika madukani. Wakil hakukaa kulia. Mama yake, Bi Mwatum, hukamua mafuta ya nazi ambayo Makunduchi nzima inakubali hayana mfano: meupe, mepesi, hayachachi mwaka. Na Unguja mafuta ya nazi ndiyo dawa ya kila kitu. Yanapakwa nywele, mtoto mchanga, mlango unaolia, na goti la babu. Breki ina makuu gani hata isipakwe? Akaanza kuiroweka mipira mipya siku nzima kabla ya kuitia. Ikitoka humo imenona, inang'ara, na pistoni ikiingia inakaza barabara. Wakil akaona hayo ndiyo maajabu yake, hakumwambia mtu. Na gari zilipoanza kurudi, moja leo, nyengine mwezi ujao, alilaumu spea za magendo na madereva wanaokanyaga breki kama wanatwanga mpunga. Hapakuwa na wa kubishana na Wakil Breki, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kutaka kubisha.

"Hayo nini?" aliuliza Bi Badriya.

"Siri ya kazi, Bi."

"Siri gani inayonukia hivo? Mafuta ya nazi hayo."

Wakil alitabasamu kama mtu aliyefumwa anakula. "Ya mama. Yanalainisha mpira."

Bi Badriya hakutabasamu. Aliinuka kigodani, akaja mpaka mezani, akauchukua ule mpira uliochanika na kuubinya kwa vidole viwili. Akaubinya tena.

"Wakil, skiliza. Tulipoanza kupewa glovu za mpira kule wodini, sisi tulikwisha zowea kupaka mikono mafuta ya nazi. Basi tukavaa glovu, na mafuta tukapaka juu yake. Ilikuwa balaa. Zinavimba, zinalegea, zinapasuka kidoleni, na mzazi kalala mbele yako. Tulipigwa marufuku. Mpira na mafuta ya nazi ni mahasimu. Kila aliyezalisha anajua."

"Bi Badriya, glovu na breki wapi na wapi?"

"Mpira si mpira?"

"Hii kazi nnaijua, Bi. Miaka kumi na tisa."

"Na mimi nnazalisha tangu hujazaliwa. Tia mpira mmoja kwenye mafuta ya breki, mwengine kwenye hayo yako. Ngoja siku mbili. Kama nimesema uongo, ntakwenda Makunduchi kwa miguu na ntakusifu njia nzima."

Wakil alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kumshinda. Akaleta gilasi mbili za chai, akamimina mafuta ya breki katika moja na mafuta ya mama yake katika nyengine, akatumbukiza mipira miwili ya pakiti moja. Akaziweka rafuni juani, nje, kila mtu azione. Mafundi wa jirani walizipita wakatania kuwa Wakil kafungua mkahawa.

Jumanne alijifanya hazioni. Alisugua kalipa mpaka chuma kikawa cheupe, akasafisha mifereji kwa spiriti na kitambaa, akalainisha kingo zake kwa msasa. Mara mbili jicho lilimkimbilia rafuni na mara mbili akalirudisha.

Jumatano asubuhi, kabla Bi Badriya hajafika, alizishusha gilasi. Mpira uliokuwa katika mafuta ya breki ulitoka kama ulivyoingia. Aliubana, ukarudi. Alipoutoa ule wa pili alidhani macho yamemdanganya. Ulikuwa mkubwa kuliko mwenzake, mnene, na alipougusa kwa ukucha, alama ilibaki. Akajaribu kuukalisha kwenye mfereji wa kalipa. Haukukaa. Ulichomoza kama tumbo la mtu aliyeshiba, na alipousukumia pistoni kwa nguvu, pistoni iliingia, ikakaza barabara. Ule mkazo aliokuwa akijisifia ndio huo. Pistoni inakaza kwa kuwa mpira umevimba, kisha mpira unalegea, unachanika, mafuta yanatoka, na mguu wa dereva unazama.

Hakufikiria Landrova. Alifikiria zile nyengine.

Alikaa juu ya kigoda cha Bi Badriya akazihesabu kwa vidole: pikapu ya samaki, lori la karafuu, teksi tatu za bandarini, gari ya kubebea maiti, gari ya Maalim Nahodha inayobeba watoto wa chuo cha Kurani. Alipofika thelathini na nne vidole vilikuwa vimeshazunguka mara tatu. Na hizo ni zile anazozikumbuka. Wakil hakuwa mtu wa kuandika. Gari ikija anaitengeneza, ikitoka imetoka.

Bi Badriya alipofika alizitazama gilasi, akamtazama yeye. Alivua buibui, akakunja mikono ya kanzu yake. "Nifanye nini?" aliuliza.

"Ukae kwenye pedeli."

Maana kubadilisha mipira ya kalipa peke yake kusingetosha. Mafuta ya nazi hayakai pahala pamoja, yalikwisha tembea kwenye bomba zote. Wakil akafungua kalipa zote mbili, silinda kuu, silinda za nyuma, akatupa kila mpira, akatupa na hosi za mpira. Akaosha bomba kwa spiriti mpaka ikatoka safi, akazikausha kwa pampu. Mipira mipya aliipaka mafuta ya breki yenyewe, hakuna kingine, na pistoni ziliingia kwa kidole gumba. Kisha akalala chini kutoa hewa kwenye bomba.

"Kanyaga, Bi. Kanyaga. Haya shikilia. Usiachie! Achia sasa. Pumzika. Tena."

"Maneno haya nimeyasema mimi miaka thelathini na mbili," alisema Bi Badriya kutoka juu. "Leo nnaambiwa mimi."

Wakil alicheka chini ya gari. Walifanya hivyo magurudumu yote manne, mara tatu tatu, mpaka pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Alkhamisi walikwenda nayo Kizimbani, kwenye mteremko ule ule. Bi Badriya alikataa kumwachia usukani. Walipofika juu aliiacha gari iteremke, ikashika kasi, miti ya karafuu ikapita, na mkabala na lile shamba la muhogo akakanyaga. Landrova iliinamisha pua na kusimama papo hapo, mstari mmoja, bila kuvuta kulia wala kushoto. Walirudia mara sita. Wakil alishuka, akalala chini, akapitisha kidole nyuma ya kila gurudumu. Kikavu.

"Umeshinda," alisema Bi Badriya.

Njiani kurudi Wakil alimweleza alivyopanga. Atawafuata wateja wake mmoja mmoja. Atawaambia anawatazamia breki bure, zawadi ya fundi kwa wateja wake. Atawabadilishia mipira kimya kimya, mambo yaishe, na jina libaki zima.

"Na wale usiowakumbuka?"

"Ntawakumbuka tu."

"Na aliyeuza gari, ikawa kwa mwengine? Na yule atakayesema breki zangu nzuri, zimetengenezwa na Wakil, hazitaki kutazamwa?"

Wakil alianza kuhesabu tena kwa vidole, akaishia njiani.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema Bi Badriya. Alisema taratibu, kama alivyokuwa akiwaambia wanawake wodini, na hakuongeza.

Wakil alikasirika. Alimkasirikia yeye, akamkasirikia mama yake na nazi zake, na walipofika Malindi hasira zote zilikuwa zimemrudia mwenyewe. Alishuka akafunga mlango.

"Kesho Ijumaa," alisema.

Basi siku ya pili, baada ya sala, katika msikiti wa mtaani, imamu alisema kuna ndugu ana tangazo. Watu walikaa, maana tangazo baada ya Ijumaa ni msiba au harusi au mbuzi aliyepotea. Wakil alisimama. Kanzu yake ilikuwa nyeupe lakini kucha zake zilikuwa nyeusi, hazikutoka kwa sabuni.

"Assalaamu alaykum. Mimi Wakil, fundi wa breki. Tangu Ramadhani iliyopita nnaroweka mipira ya breki kwenye mafuta ya nazi. Nilidhani nnaitengeneza, kumbe nnaiua. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe siri yangu nisifiwe. Na gari zilizorudi nilisingizia spea. Uongo. Kosa langu mimi. Kila gari iliyopita mikononi mwangu tangu wakati ule, breki zake si za kuaminiwa. Msiziendeshe. Zisukumeni kwa mikono mpaka kwangu. Ntazifungua zote, moja moja, mpaka ya mwisho. Aliye hapa amwambie asiyekuwepo."

Kisha nyuma huko mtu akasema "Nazi!" na kicheko kikapita safu mbili tatu. Dereva wa teksi alisimama na kusema kwa sauti kuwa yeye jana tu kapakia mke na wanawe, na kwamba lau si msikitini angemwonesha. Maalim Nahodha aliinuka. Alichukua viatu vyake mkononi na kutoka mbio, kanzu ameikamata magotini, mzee wa miaka sitini.

Hapo akasimama Matar.

Wakil alimwona, akajiandaa. Miaka yote Matar alikuwa akiingoja siku hii, na Wakil aliona ni haki yake, naye ataistahamili.

"Na gari zangu," alisema Matar.

Watu wakageuka.

"Nilizozitengeneza breki mimi. Tangu Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Na hizo msiziendeshe."

"Matar," aliuliza Wakil, "wewe ulikuwa unatia nini?"

"Unachotia wewe." Uso wa Matar ulikuwa umeiva. "Nilitaka kujua vipi wewe hushindwi. Nikapita kwako, nikasikia harufu ya mafuta ya mamako. Nikapanda gari mpaka Makunduchi, nikayanunua kwake. Kaniuzia, kaniapisha nisikwambie."

Safari hii msikiti mzima ulicheka, na imamu akalazimika kupiga makofi kuwanyamazisha.

Alasiri gari zilianza kuja Malindi, na Malindi haikuwahi kuona kitu kama kile. Gari nzima, zenye injini na petroli, zinasukumwa na wanaume waliovaa kanzu za Ijumaa, kofia zimekwenda upande, jasho linawatiririka. Watoto walikuwa tayari wameshapata jina jipya: "Wakil Nazi! Wakil Nazi!" Wapo waliopita na gari zao wakaziingiza gereji ya tatu, wasitake kumwona yeye wala Matar, na hakuwalaumu. Matar alikuwa kaja na sanduku lake la spana, akaliweka karibu na la Wakil bila kuamkia.

"Una ngapi?" aliuliza Wakil.

"Kumi na moja. Na wewe?"

"Thelathini na nne. Na nisizozijua."

"Tuanze na ipi?"

"Ya watoto."

Gari ya Maalim Nahodha ilisukumwa na watu wanane mpaka chini ya bati. Ndani, juu ya viti, mlikuwa na misahafu midogo na ndara moja ya mtoto. Wakil alipandisha jeki, akafungua gurudumu la mbele. Kwa nje palikuwa pakavu. Akavua kalipa, akasukuma pistoni, na mpira ukatoka nayo. Ulikuwa umekatika karibu wote. Kilichokuwa kimeushika ni uzi, unene wa unywele, na alipougusa nao ukakatika.

Jumamosi asubuhi gari ile ingekuwa njiani na watoto ishirini na mbili.

Wakil alikaa chini, mpira mkono mmoja, spana mkono mwengine, akalia. Hakulia kimya kimya. Alilia mbele ya watu, mbele ya Maalim, mbele ya wale watoto waliokuwa wakimtania, ambao waliacha.

Matar alipiga magoti kando yake, akamtoa spana mkononi taratibu, akahamia gurudumu la pili.

Baada ya muda Wakil alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, ukabaki mweusi. Akachukua pakiti mpya ya mipira, akaifungua kwa meno.

"Nipe mafuta ya breki," alisema.